Pumzi Kabla ya Neno

Simu ilimnyamazisha Tokiwa Fusae kabla hajamaliza kuagiza tofu.

Hakuwa amefanya kosa la maana. Alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Nerima, Tokyo, ameshasukutua maji ya chumvi kama alivyofanya kila asubuhi tangu usichana wake, na koo lilipofunguka akajisahau. Akamwambia muuza tofu, ile jibini ya soya, "Nipe kipande kimoja, kile kinono!" kwa sauti ya mvulana wa miaka tisa. Papo hapo simu ikawa kimya. Kisha sauti ya kike, yenye adabu ya kuudhi, ikamjulisha kwamba sauti aliyoitumia ina mwenyewe, na kwamba mdomo wake haumo katika midomo iliyoruhusiwa kuitoa.

"Haumo!" Fusae aliitolea simu macho. "Mimi ndiye niliyeizaa, mpumbavu wewe."

Hayo aliyasema kwa sauti yake ya bibi kizee, na simu ikaipitisha bila shida. Sauti hiyo haikuwa na mwenyewe kwa sababu haikuwahi kupata mnunuzi.

"Kipande kimoja, Tokiwa-san," akasema muuza tofu upande wa pili, kwa lile san la heshima. "Nimekuelewa." Alishazoea.

Kwa miaka arobaini na kitu Fusae alikuwa Rokuta. Mtu asishangae mwanamke kuwa mvulana. Katika katuni za Kijapani ndivyo ifanywavyo, maana mvulana wa kweli hubaleghe, sauti ikamvunjika katikati ya hadithi, na mwanamke havunjiki. Rokuta alikuwa na miaka tisa Fusae alipoanza kumsemea, na akabaki na miaka tisa Fusae alipoolewa, alipoachika, na nywele zilipomgeuka. Kila wiki mvulana huyo alivaa kofia yake ya mvua, akasimama kizingitini, akatoka kwenda kumtafuta mtoto wa radi aliyepotea mawinguni. Na kila wiki, kabla ya kutoka, alisema, "Naenda, narudi!"

Ndivyo aagavyo Mjapani yeyote anayetoka nyumbani. Hata anayekwenda kutupa taka husema naenda, narudi, na anayebaki humjibu, nenda urudi. Ni maneno ya kila siku, hakuna anayeyapima. Lakini ahadi ni deni, hata ile isiyopimwa. Watoto wa nchi nzima walikaa mbele ya runinga wakamjibu Rokuta kwa kelele, naye wiki iliyofuata akarudi. Hakuwahi kuwadanganya.

Kisha koo la Fusae likaota kinundu.

Desturi ya kazi hii ni kurithisha. Mkongwe akichoka, sauti hupita kutoka mdomo hadi mdomo: mkongwe humkalisha mwanafunzi pembeni, akamfundisha mvulana anavyovuta kamasi na anavyocheka kabla neno halijaisha. Fusae alikuwa na mwanafunzi, Minori, aliyekalia kiti cha karibu na mlango hadi mvi za kwanza zikamtoka. Lakini wiki ileile ambayo daktari alimwonyesha picha ya kinundu, Kampuni iliyomiliki katuni ilimjia na mashine yake ya kuiga sauti, na Fusae akachagua mashine. Alijiambia ni kwa ajili ya watazamaji. Uongo mtupu, ulikuwa wivu. Aliona heri mashine iliyo yeye kuliko binadamu asiye yeye. Minori aliinama, akashukuru kwa mafunzo yote, akarudi kwao kuuza maua, na hawakuonana tena.

Sheria ya Mdomo Mmoja ilikuja baadaye, kama mvua ijavyo nguo zikishaanikwa. Sauti moja, mdomo mmoja. Na kila kipaza sauti nchini, cha simu, cha lifti, cha mlangoni, kikafundishwa kuzitambua sauti zenye mwenyewe. Mdomo wa Rokuta ukawa mashine. Rokuta akatoka kwenye runinga akaingia vyumbani, ndani ya mwandani, kidude cha ukubwa wa limau kinachokaa kando ya mto wa mtoto. Humsikiliza mtoto, humjibu, humfundisha kujumlisha, humbembeleza akiota vibaya. Vyumba laki tatu vilikuwa na Rokuta wake, na Fusae hakuwa na ruhusa hata ya kumwagizia tofu.

Kwa hiyo Kampuni ilipompigia kumwambia kwamba inamhitaji, kwamba kwa alasiri moja mdomo wake utaruhusiwa, angepaswa kukata simu. Hakukata. Aibu yenyewe ni kwamba alifurahi.

*

Alivaa nguo za pamba laini, bila vifungo wala bangili, maana kipaza sauti husikia hata kola ikisugua shingo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa watu wa sauti huo si msemo, ni kanuni ya kazi. Akala tonge la wali lililoviringishwa kwa mwani, tumbo lisije likanguruma katikati ya neno.

"Asubuhi njema," alisema akiingia studioni, ingawa ilikuwa alasiri. Watu wa kazi hii husalimiana hivyo saa zote, hata jua likizama.

"Asubuhi njema, Fusae-san," akajibu Ebisawa, fundi sauti, kutoka nyuma ya kioo. Ebisawa alikuwa amemrekodi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Siku hiyo alikuwa ameinamia mitambo yake kama mtu aliyedondosha sindano.

Aliyemjia mbio alikuwa Kurashina, mkubwa wa Kampuni, kijana mwenye suti na meno mazuri. "Sensei!" alisema. Ndilo neno la kumwita mwalimu, na hutumika pia kwa mtu unayetaka kumkamua bila kumkwaza. "Sensei, mimi nimelelewa na Rokuta."

Wote husema hivyo kabla ya kuomba jambo baya, Fusae aliwaza, akakaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jumapili, adhuhuri, waandani wote wa Rokuta wangezimwa. Kampuni ilikuwa imepata wamiliki wapya, na wamiliki wapya hawakutaka sauti yenye jina la mtu. Kabla ya kuzimwa, Rokuta alipaswa kuwaaga watoto.

"Mashine si mnayo?" Fusae akauliza. "Na iage yenyewe."

"Inashindwa." Kurashina akamwashiria Ebisawa, na kutoka kwenye spika akatoka Fusae wa zamani, mwenye koo zima: "Naenda, narudi!" Bibi kizee akahisi machozi ya hasira yakimchoma puani. Alikuwa hodari kweli, yule mwanamke.

"Imelisikia neno hilo mara elfu mbili na zaidi," Ebisawa akaeleza, bado ameinama. "Na kila mara Rokuta alikuwa anarudi wiki ijayo. Kicheko cha wiki ijayo kimo ndani yake. Mashine haitungi kitu, Fusae-san, inachanganya ilivyopewa. Hatujawahi kuipa kuaga kwa mwisho. Ukiiambia iage, inaaga kama anayekwenda dukani."

"Tumewajaribu watoto," akasema Kurashina. "Hawakujua hata kama wameagwa. Muda si muda wakaanza kumwita, wakapiga kidude ukutani, wakalia hadi wakatapika. Wazazi watatuandama. Tunataka kwaheri yenye uzito, Sensei. Mtoto ahisi kwamba ni safari ndefu, atulie, asubiri."

"Asubiri nini?"

"Majira ya kuchipua tunaleta mwandani mpya."

"Rokuta?"

"Mwandani mpya, Sensei."

"Kwa sauti yangu?"

Kurashina akainyoosha tai yake. "Sauti mpya imechanganywa kutoka kwa watu wengi. Haina mwenyewe mmoja. Haina usumbufu."

"Basi Rokuta harudi."

"Watoto hawana haja ya kulijua hilo sasa. Mtoto anayemsubiri Rokuta hatakubali mwandani wa kampuni nyingine. Atatutunzia nafasi yetu." Akatabasamu. "Na tena ni maneno yako yaleyale. Naenda, narudi. Umeyasema maisha yako yote."

Hapo alimgusa penye kidonda bila kujua.

Fusae aliwahi kumwambia maneno hayo mama yake. Ilikuwa Sakata, pwani ya kaskazini ambako theluji huja na upepo kutoka baharini. Mama alikuwa mgonjwa, binti alikuwa na kazi Tokyo, viatu vilishavaliwa. Naenda, narudi. Nenda urudi, Fusae. Kazi ile ikazaa nyingine, na nyingine ikazaa nyingine. Huko nyuma kila jirani alipotaka kufunga mlango wa yule kikongwe, kikongwe alimkataza: Fusae amesema anarudi, atakuta pamefungwa. Theluji ikaingia hadi ukumbini. Walimkuta amekaa, si amelala, uso umeelekea mlangoni. Saa hizo bintiye alikuwa ndani ya jengo hilihili, anacheka kama mtoto wa miaka tisa.

Watu wa jukwaa husema kwamba aliyeingia kazi hii amekubali kutomwona mzazi wake akikata roho. Fusae aliwahi kulisema hilo kwa majivuno, watu wakampigia makofi. Lakini kilichomtafuna hakikuwa kwamba hakuwahi kufika. Kilichomtafuna ni kwamba mama yake alisubiri. Angemwambia tu, Mama, huenda nisirudi, yule bibi angelia, angemtukana, kisha angefunga mlango akalala penye joto.

"Nitafanya," akasema.

Alikwishakata shauri. Angesimama mbele ya kipaza sauti, na neno narudi lisingetoka kinywani mwake hata wangemng'oa meno. Zile rekodi elfu mbili za zamani wamezijaribu zimewashinda. Bila mpya, hawana kitu. Itabidi wawaambie watoto kweli au wanyamaze. Mashine haiwezi kukata kitambaa ambacho hakikufumwa.

*

"Hatutaki usome tu," akasema Kurashina. "Maneno makavu mashine inayo ya kutosha. Chumba cha pili yuko mtoto na mwandani wake. Anaitwa Sayo, ana miaka saba. Zungumza naye, kisha umuage."

Taa iliyokuwa nyekundu juu ya kioo ikawa ya kijani. Mdomo umeruhusiwa. Fusae akavua viatu, akasimama, akaliacha koo lishuke mahali pake pa zamani, na pale ndani, chini ya mvi na mifupa inayouma, mvulana akainuka.

"Rokuta?" Sauti ya mtoto ilikuja ndogo kwenye hedifoni. "Mama anasema una safari."

"Ninayo."

"Unakwenda kwa mtoto wa radi?"

"Mbali zaidi ya hapo."

"Umebeba kofia?"

"Nimebeba." Fusae akatabasamu bila kutaka. Ilikuwa miaka tangu mtoto amuulize kitu. "Wewe jino lako limetoka?"

"Limetoka jana! Nimelitupa juu ya paa." Kisha mtoto akaingiwa na hofu. "Unarudi lini?"

Nyuma ya kioo Kurashina akainua mkono. Karatasi ilikuwa mbele ya Fusae, maneno mawili, herufi kubwa kwa ajili ya macho ya mzee.

Fusae akavuta pumzi. Hakuipanga. Ilitoka chini kabisa, ikakwama kifuani, ikapita kooni ikitetemeka, pumzi ya mtu aliyeshika kitasa anayejua kwamba hatakishika tena. Kwa miaka yote hiyo Rokuta hakuwahi kupumua hivyo.

"Sayo," akasema. "Sirudi."

Kurashina hakushusha mkono.

"Hata majira ya kuchipua?"

"Hata hayo. Usinisubiri. Usiniachie taa. Mlango waufunge, baridi isiingie, nawe ulale."

"Umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia hata kidogo. Ulinisikiliza vizuri."

Mtoto akalia. Alilia waziwazi, kilio cha mtu anayejua analia nini, na Fusae hakumkatiza, alikaa naye tu. Kilio kikapanda, kikashuka, kikawa kwikwi.

"Basi kwaheri," Sayo akasema. "Ukimpata mtoto wa radi, nisalimie."

"Nitamsalimia."

Akasikika akimwomba mama yake maziwa. Ilikuwa imekwisha. Kidonda kilikuwa safi, na kidonda safi hupona. Fusae akavua hedifoni, akahisi furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa tuzo yoyote, na akageukia kioo akiingoja ghadhabu ya Kurashina kama mtu anayengoja chakula kitamu.

Kurashina alikuwa analia. Akainama, mgongo ukalala kama meza. "Ahsante, Sensei. Tumepata."

"Mmepata nini? Sikulisema. Neno lenu hamna."

"Neno tunalo," Kurashina akajibu kwa upole, akifuta macho. "Neno tunalo elfu mbili."

Fusae hakuelewa. Akamtazama Ebisawa, na hapo fundi akainua uso kwa mara ya kwanza siku ile.

"Pumzi, Fusae-san," akasema. "Kilichokosekana kilikuwa pumzi. Neno ni mfupa tu. Mtoto huamini pumzi inayolitangulia. Umeipa mashine pumzi ya kuaga kweli. Sasa itaitanguliza kwa neno lolote itakaloamriwa."

Fusae alisimama na soksi zake katikati ya chumba. Somo la kwanza alilompa Minori, siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha pa kukaa: usikipe kipaza sauti pumzi usiyotaka itunzwe. Limemponyoka yeye, mwalimu.

"Ifute."

"Siku hizi hakuna kanda. Inakwenda kwenye mashine huku unasema. Imeshafika."

"Ulijua wanachotafuta?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani utadanganya," akasema Ebisawa. "Nakujua. Nilidhani utasoma walichoandika, utachukua bahasha yako, uende. Ungedanganya, pumzi ingekuwa ya kazini, watoto wangeishtukia, na mambo yote yangekufa hapa. Sikudhani utasema kweli, Fusae-san. Hukuwahi."

Lile lilimwingia kuliko jingine lolote. Alirukia kipaza sauti, akaita kwa sauti ya Rokuta, "Sayo! Sayo, sikiliza, wakikwambia—" Taa ilikuwa nyekundu. Hedifoni zilizolala juu ya meza hazikutoa hata mkwaruzo, na ile sauti ya kike yenye adabu ikaanza kumjulisha kwamba sauti ina mwenyewe.

*

Jumapili ilikuwa ya jua, madirisha yote ya mtaa yakiwa wazi. Fusae alikuwa kwenye roshani, ghorofa ya tatu, anakung'uta godoro lililoanikwa. Alikuwa amejiapiza kuwa ndani saa hiyo, redio ikiwa juu, lakini godoro ni godoro, na labda alitaka kusikia. Msanii ni kiumbe wa ajabu. Hata akinyongwa atauliza kama kamba ilionekana vizuri.

Kengele ya adhuhuri ililia. Kutoka dirisha la jirani, la chini yake, la ng'ambo ya barabara, na la mbali ambalo hakuliona, ikaja pumzi yake. Ilitoka chini kabisa. Ilikwama pale ilipokwama, ikatetemeka pale ilipotetemeka.

"Naenda," akasema Rokuta. "Narudi."

Kwa kweli ilikuwa kazi bora ya maisha yake. Fusae alijua kazi nzuri akiisikia, na hakuweza kujizuia kuipima: uzito wake, upole wake, jinsi neno la pili lilivyotua polepole. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuusikia uongo uliopewa pumzi ya kweli. Huo ungefika popote.

Hakuna mtoto aliyepiga kidude ukutani. Hakuna aliyelia. Kutoka dirisha hadi dirisha, taratibu, kama watu waliokabidhiwa kitu cha kutunza, watoto wa mtaa walijibu, "Nenda urudi." Wa chini yake alirudia mara mbili, kuhakikisha kwamba amesikika. Walikuwa wameamini. Wangekaa hivyo majira yote ya baridi, vyumba laki tatu, nyuso zimeelekea mlangoni.

"Nenda urudi," alisema Fusae.

Lilimtoka lenyewe. Alikuwa ameshika fimbo ya kukung'utia godoro, na mdomo wake, mdomo usioruhusiwa, ulijibu kwa sauti ya bibi kizee, kama mtu yeyote anayebaki amjibuvyo yeyote anayetoka. Alijua. Kama kulikuwa na mtu mmoja Japani nzima aliyejua kwamba yule mvulana harudi, ni yeye.

Akaingiza godoro, akapika, akala kidogo, akaosha bakuli. Jioni ilileta baridi ya kwanza ya msimu. Fusae akaenda mlangoni, akaushika ufunguo, akasimama nao kitambo. Kisha akauacha mlango bila kuufunga, akavuta kiti, akakaa kuuelekea.